Ulrich Yuko Pepa, Mimi Niko na Neno

Kalemie, Jumapili 19 Novemba

Mimi ni mke wa mtu! Naandika tena ili nijione: Laurette, mke wa Ulrich. Jana mvua ilitunyeshea kutoka kanisani mpaka nyumbani na sikujali hata tone moja. Tulibebwa na kamio ya buluu, lori la Toussaint, rafiki wa Ulrich wa tangu utoto, lililofungwa vikwembe vipya pande zote. Nyuma wamama waliimba wameloa chapachapa, na Bijou, mke wa Toussaint, alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

"Ulrich, umushike vizuri!" alipaza. "Huyu ni wa Kabalo, akisikia filimbi ya treni atakukimbia!"

Ulrich akanishika kweli, mbele ya watu wote. Nilitaka kufa kwa haya na kwa furaha.

Ana kovu dogo chini ya kidevu, ng'ombe alimpiga teke. Nimelibusu kovu hilo. Siandiki zaidi.

21 Novemba

Tunakaa kwa wazazi wake, karibu na reli. Chumba chetu kina mlango wake wa nje, na asubuhi ziwa linaonekana katikati ya paa mbili, kipande cheupe kama shuka. Ulrich anasema ziwa lote ni langu, ila amekosa mahali pa kuliweka. Anasema mambo kama hayo, huku anapiga mswaki!

Kitu kimoja tu kinanisumbua: bukwe. Kwa jamaa zangu Kabalo imeachwa, lakini katika nyumba hii ni sheria. Mimi na baba mkwe wangu, Papa Germain, hatuangaliani usoni, hatuitani, hatuambiani neno. Sili mbele yake, wala yeye mbele yangu. Itafunguliwa siku Ulrich atakapochinja kuku, atukalishe kwenye mkeka mmoja, na Papa apokee tonge kutoka mkononi mwangu. Ulrich asipokuwepo, haifunguliwi. Amesema Jumamosi hii.

Ijumaa 24 Novemba

Kuku ameahirishwa. Ulrich ni muganga wa ng'ombe, na huko juu Pepa ugonjwa umeingia katika mifugo. Wenye ng'ombe wanangoja chanjo, na kamio ya Toussaint inapanda kesho. Ulrich alisitasita. Nilikuwa nyuma ya ukuta, nikamsikia Papa Germain: "Kazi haingoji harusi. Bibi yako ataenda wapi? Enda. Utarudi, utamukuta."

Wiki mbili, amesema Ulrich. Ameniomba nitabasamu. Nimetabasamu.

25 Novemba

Ameondoka. Foronya bado ina harufu ya sabuni yake. Sitaifua.

Jumatano 29 Novemba

Bijou amekuja kunitoa ndani. "Toka, dada, utaota kuvu." Amenipeleka kwenye sala ya wamama. Anayeongoza ni Mama Éliane, mke wa mchungaji, aliyesoma shule ya Biblia Lubumbashi. Masika hii anatufundisha neno moja la Kiebrania kila Jumatano, lugha ya Agano la Kale. Analiandika ubaoni kwa chaki kutoka kulia kwenda kushoto, na sisi tunamtazama kama mtu anayetembea kinyumenyume bila kuanguka.

Neno la leo ni *hesed*. Katika Biblia yetu limeandikwa fadhili.

"Lakini si fadhili za mtu anayekupa chumvi, kisha anawatangazia majirani," alisema Mama Éliane. "Hii ni ya agano. Amekuahidi, anabaki. Unamuchosha, anabaki. Unamusahau, bado anabaki."

Nikamwona Ulrich pale pale! Njia nzima nilikuwa nasema hesed, hesed, na Bijou akacheka: "Wee, unasema kama mutu mwenye mwiba wa samaki kooni."

Jumamosi 2 Desemba

AMEPIGA SIMU. Huko Pepa rezo ya simu inapatikana juu ya kilima kimoja tu, na amepanda kwa miguu kwa ajili yangu. Nilisikia upepo, kisha yeye, kisha upepo. Amempa ng'ombe mmoja jina langu kwa sababu anakataa kupanga foleni. Amesema kila Jumamosi atapanda kilima. Nikamwambia hesed. Akasema, "Nini?" Upepo ukamchukua.

Jumatano 6 Desemba

*Shalom.* Nilidhani nalijua. Mama Éliane anasema mzizi wake ni kitu kizima, kisichopungukiwa: ukuta ambao hakuna tofali lililotoka. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na kimya nyumbani kwake na asiwe na shalom.

"Basi mimi ninaikosa tangu nizae mapacha," alisema Bijou. "Meno mawili yametoka!"

Kanisa zima lilicheka. Mimi nilichelewa kucheka. Tofali langu liko Pepa.

7 Desemba

Mvua.

8 Desemba

Nisiseme uongo katika karatasi yangu mwenyewe: Mama Marthe, mama mkwe wangu, hanipendi. Bukwe hainikatazi kusema naye, lakini hasemi. Anaamka kabla ya wote, na nikifungua mlango wangu namkuta ameshafagia mbele yake. Kila siku mbele ya mlango wangu mimi! Ni kama ananiambia: wewe mvivu, tazama. Leo nimeamka mapema kuliko jana. Alikuwa ameshamaliza, anakung'uta fagio.

"Mama, ningefagia mimi."

"Lala tu," akasema, akaingia jikoni.

Ee Ulrich. Ungekuwa hapa ungenieleza ile "lala tu" maana yake nini.

9 Desemba

Jumamosi. Hakupiga. Nilishika simu mpaka ikawa na joto kama yai.

11 Desemba

Mama Marthe akienda sokoni na ndakala, samaki wake wadogo wa kuuza, tunabaki wawili, mimi na Papa Germain, na hakuna wa kutupitishia maneno. Leo nimegundua anavyofanya. Kuna bata dume mzee hapa uani, anatembea na kifua mbele, wanamwita Komisera. Papa alikaa dirishani amegeuza kisogo na kusema kwa sauti: "Komisera, mwambie mwenye jiko chumvi ya jana ilikuwa mingi."

Niliganda. Kisha nikasema: "Komisera, mwambie mwenye nyumba nimesikia, na anisamehe."

"Komisera, mwambie si neno. Ilikuwa kumpima."

Nilicheka peke yangu ndani ya mvuke wa sufuria. Baadaye nikalia. Maneno ya kwanza niliyopewa leo yamepitia kwa bata.

Jumatano 13 Desemba

*El Roi.* Hajiri, mjakazi, amekimbilia jangwani, amekaa penye chemchemi, na hakuna aliyemfuata. Mungu akamkuta, naye akampa Mungu jina: Mungu anionaye. Mama Éliane anasema yeye, mtumwa na mgeni, ndiye anayempa Mungu jina hilo.

Katika nyumba hii Papa haniangalii kwa sheria, na Mama haniangalii kwa tabia. Niliosha sahani nikirudia El Roi, El Roi. Sikusikia kitu. Lakini niliosha sahani vizuri, kama mtu anayetazamwa.

16 Desemba

Hakupiga. Wanasema mvua imeangusha mnara wa simu huko juu.

18 Desemba

Wiki mbili zilikwisha zamani. Foronya imebaki na harufu yangu tu.

Jumatano 20 Desemba

*Rahamim*, huruma. Linatoka katika neno lile lile la tumbo la uzazi. Mama Éliane alisema Mungu anapotuhurumia kwa neno hili, anaona uchungu palepale mama anapouona kwa mtoto wake. Akatuomba tuweke mkono tumboni.

Niliweka wangu. Mwezi huu nilikuwa nimetumaini kitu, nacho hakikuwepo. Ili nisilie niligeuza macho, na yakaangukia benchi la pili, kwa Mama Marthe. Alikuwa ameweka mikono yote miwili, amefumba macho, na midomo inasema jina. Nililisoma mdomoni mwake. Ni lile lile ninalolisema mimi.

Sijawahi kufikiri kwamba na yeye ana mtu Pepa.

25 Desemba

Krismasi. Tulikula sombe ya majani ya muhogo, kila mmoja chumbani kwake. Kwa mbali watu wanapiga ngoma.

30 Desemba

Mama Marthe alirudi kutoka sokoni mapema na beseni lake limejaa kama lilivyotoka. Hakulitua. Alisimama uani nalo kichwani, mvua inaingia ndani ya ndakala.

"Kamio imechukuliwa na maji," alisema.

Ni kwenye mto, katika njia ya kushuka kutoka Pepa. Magari mengi yalikuwa yamekwama ng'ambo yakingoja maji yapungue. Moja likajaribu. Watu wa upande huu waliona: kamio ya buluu, na mtu mmoja akaenda na maji. Mmoja. Wengine walionekana wamesimama ukingoni ng'ambo, wadogo, hakuna aliyetambua nyuso. Kisha mvua ikafunga kila kitu.

Kamio za buluu ni nyingi, nikasema. Mama Marthe akasema, "Ni nyingi." Ndani ya kabina ya Toussaint wanakaa wawili, dereva na Ulrich mwenye sanduku la dawa. Hilo hakuna aliyelisema.

Nilipiga magoti kando ya kitanda. Asiwe Ulrich. Asiwe Ulrich. Sikuwa na neno la Kiebrania wala la Kiswahili zaidi ya hayo mawili. Asiwe Ulrich.

31 Desemba

Mama Marthe amepanda pikipiki kwenda mtoni. Amejifunga vikwembe viwili na kubeba mihogo ya kukaanga. Hakuniambia nibaki, hakuniambia tuende. Alifagia kwanza mbele ya mlango wangu.

2 Januari

Papa Germain hali. Naweka sahani kwenye kigoda mlangoni pake, nakohoa, naondoka. Nikirudi imejaa. Komisera ananenepa.

Jumatano 3 Januari

Bijou hakusema mzaha hata mmoja. Tulikaa tumebanana, bega kwa bega, sote wawili tumeinamisha vichwa.

*Shamar*, kulinda. Neno la mchungaji na la askari wa lindo. Mama Éliane alituonyesha Zaburi ya 121: ni fupi, lakini limo mara sita, kana kwamba aliyeandika aliogopa tutasahau kabla ya kufika mwisho. Alisoma polepole. Sauti yake haikuwa imara. Nilimpenda kwa hilo.

4 Januari

Niandike yote, maana sijui kama nimefanya jema au nimeharibu nyumba ya watu.

Mchana mvua ilikuwa kubwa. Niliketi chini ya dirisha la Papa Germain, kwenye baraza. Sahani ya bukari, yaani ugali, na sombe ilikuwa juu ya kigoda, imeshakauka pembeni. Bata alikuwa ananiangalia.

"Komisera," nikasema, "mwambie mwenye nyumba chakula kimepoa."

Nilidhani hatajibu. Kisha: "Komisera, mwambie mwenye jiko akupe wewe."

Nikafungua Biblia. Nikamsomea bata Zaburi yote. Kila nilipofika penye kulinda nilisema *shamar*, kama tulivyofundishwa, nikaeleza kwa sauti kwamba ni neno la mlinzi asiyesinzia. Mtu angepita njiani angesema yule bibi wa Ulrich amepata wazimu, anamhubiria bata.

"Komisera," ikasema ile sauti ndani, "mwambie huyo asiyesinzia... mwulize siku ile kwenye mto alikuwa anaangalia wapi..."

Hakumaliza. Nilisikia kitu ambacho sijawahi kusikia, mwanaume mzee analia na mto wa kitanda mdomoni.

Nikasimama. Nikachukua sahani, nikasukuma mlango kwa bega.

"Papa."

Alijifunika uso kwa kofia yake ya zamani ya reli. "Toka! Toka, mutoto! Unataka kuniua na haya?"

"Haya itatumaliza wote wawili, Papa. Hujala tangu Mama aende. Ulrich akifika atakuta nini?"

"Ulrich hafiki."

"Hujui."

"Ni mimi! Njo mimi nilimutuma!" Kofia ilikuwa inatikisika. "Alikuwa hataki. Njo mimi nilisema enda. Nilisema utamukuta."

"Najua, Papa. Nilisikia nyuma ya ukuta. Na mimi nilitabasamu ili aende."

Mvua tu juu ya bati. Nilipiga magoti na macho yangu chini kwenye sementi, nikakata bukari, nikafinyanga tonge, nikachovya. Mchuzi ukadondoka kwenye goti langu. Tonge hili lilikuwa la Ulrich kutupa. Lilihitaji kuku, na mkeka, na wajomba, na vigelegele. Nililinyoosha mbele kama mtu anayemlisha simba.

Sijui nilikaa hivyo muda gani. Kisha nilisikia vidole vyake, baridi, vinachukua.

Alikula yote, na mimi nikageukia ukuta ili aweze kula na kulia bila kuonwa.

"Soma tena ile," alisema mwishoni. Hakumwambia bata. "Sitakuambia kama naamini. Soma tu."

5 Januari

Tumekula tena. Hatuangaliani bado. Lakini ameniambia Ulrich alipokuwa mdogo alileta ndama nyumbani akasema ni mbwa.

Jumapili 7 Januari

Mama Marthe amerudi, miguu imevimba, tope mpaka kiunoni. Hakuna habari. Mto hauvukwi, na ng'ambo hakuna tena mtu. Wanasema waliokwama wamerudi Moba, bandari ya ziwani, kwa miguu. Aliona sahani mbili juu ya kigoda kimoja, zote zimeliwa. Aliziangalia sana. Nilisimama nikingoja aniambie nifunge nguo zangu.

"Mama, nimevunja bukwe. Alikuwa hali chakula."

Alikaa chini, akanyoosha miguu.

"Bukwe tutaitengeneza," alisema. "Kuku iko. Mutoto njo hakuna."

Nilichemsha maji nikamkanda miguu. Hapo nikamwuliza, kwa kuwa sikuwa na la kupoteza tena: kwa nini unafagia mlangoni pangu? Alinitazama kama niliyeuliza kwa nini mvua ina maji.

"Bwana yako hayuko. Mulango usiofagiwa, watu wanasema bibi amekimbia. Nilitaka wasiseme."

Wiki hizi zote. Na mimi niliandika humu kwamba hanipendi. Sifuti. Nitaacha nilione.

Jumatano 10 Januari

*Gamul.* Katika Zaburi ya 131: mtoto aliyeachishwa ziwa, ametulia kifuani kwa mama yake.

Wamama walianza mara moja. Mmoja alisema yeye alipaka pilipili, mwingine kwamba pilipili ni ukatili, alipaka majani machungu. Mama Éliane akawaacha waseme, kisha akauliza: siku za kwanza mtoto anafanya nini? Analia, anakung'uta kifua, anatafuta. Na baadaye? Mmoja akajibu kutoka nyuma: "Baadaye anakuja kukaa tu. Hataki kitu. Anataka wewe."

"Njo hapo," alisema Mama Éliane, akaweka chaki chini.

Wakati wa kurudi Bijou alitembea karibu nami bila mwavuli. Penye njia panda alisimama.

"Laurette, mutu alikuwa mumoja."

"Ndiyo."

"Mimi naomba asikuwe Toussaint. Wewe unaomba asikuwe Ulrich. Tunapiga magoti benchi moja." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Mungu atafanya nini na sisi wawili?"

Akaenda zake.

11 Januari

Siwezi tena kuomba maneno yale mawili. Kila nikifungua kinywa namwona Bijou. Kuomba asiwe wangu ni kumsukumia kifo hicho mwenzangu aliyenitoa ndani siku ambayo hakuna mtu aliyenijua mji huu.

Basi leo sikuomba kitu. Niliketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, mvua inanyesha, na nikakaa. Mwanzoni moyo ulikung'uta na kutafuta kama wale watoto wa pilipili. Nikauacha. Baadaye, sijui lini, ukatulia. Sikupewa habari. Sikuwa na furaha. Ulrich bado hakuwepo na chumba bado kilikuwa kikubwa. Lakini sikuwa peke yangu ndani yake, na nililijua hilo kama unavyojua mtu amekaa nyuma yako hata asipokohoa.

Nilichanua nywele. Nikafua foronya.

Jumanne 16 Januari

Fonia ya parokia, ile redio ya mawasiliano, imesema na Moba asubuhi hii. Padri mwenyewe alikuja na buti zake hadi uani.

Ulrich ni mzima. Anakuja kwa boti.

Mama Marthe alikaa chini kwenye tope. Papa Germain alitoka nje bila kofia, akaniangalia usoni, kwa mara ya kwanza, waziwazi, na akasema, "Mukwe wangu, umesikia?"

Nilisikia. Nilipiga kelele. Kisha nikamwona Padri bado amesimama, anageuza ufunguo wa pikipiki mkononi, na akasema sasa inabidi aende kwa Bijou.

17 Januari

Matanga ni mtaa wa pili. Nyimbo zinafika hapa. Mama Marthe ameenda kulala na wafiwa. Mimi sikwenda. Nitaingiaje pale na uso huu wa mwenye mume?

18 Januari

Sikwenda.

Jumamosi 20 Januari

Alishuka kwenye boti katikati ya magunia ya maharagwe. Nilikimbia gatini mbele ya watu wote, na alinikumbatia, ndiyo, lakini kwa mkono mmoja, kama mtu anayeegemea mlango. Amekonda. Nilikuwa nimetunza maneno ya miezi miwili. Nilianza yote mara moja. Alisema "ndiyo" na "ndiyo".

Nyumbani alikula bila kuangalia. Hakushangaa baba yake alipoita, "Laurette, tuletee maji." Amelala sasa mchana kweupe, uso ukutani. Kovu lake liko upande ule, silioni.

Nilidhani upweke ni kukosa yeye. Yuko hapa, napumua hewa anayopumua, na niko peke yangu kuliko siku za bata. Nimekaa sakafuni kama siku ile. Simwamshi, simwulizi. Nimekaa tu karibu naye, na ninajua sasa kwamba kuna aliyekaa nami hivyo.

Jumapili 21 Januari

Asubuhi alisema, bado kaangalia ukuta: "Lazima niende kwa Bijou. Siwezi kuingia peke yangu."

Tukaenda. Mbele ya nyumba wanaume walikuwa chini ya hema, na yeye akabaki hapo. Mimi nikaingia kwa wanawake. Walikuwa wamejaa kwenye mikeka, na Bijou katikati, kichwa kimefungwa kitambaa. Amekuwa mdogo. Mama Marthe alinisogezea nafasi. Nikakaa mbali kidogo, karibu na ukuta, kwa aibu.

Bijou aliniona.

"Usiniambie neno la Mama Éliane," alisema. Sauti ilikuwa imekauka. "Anayelinda, sijui shamar. Leo usiniambie."

"Sina neno, Bijou."

"Ulilia ulipojua si wako?"

"Nilipiga kelele kwa furaha. Kisha nikakukumbuka."

Mama mmoja alinung'unika kwamba hayo si maneno ya matanga. Bijou akamnyamazisha kwa mkono. "Muache. Wengine wote wananidanganya." Akaangalia mlango. "Bwana yako yuko nje?"

"Yuko nje. Anaogopa."

"Mwite. Njo yeye alikuwa pale. Aje aniambie."

Ulrich aliingia, akapiga magoti kwenye mkeka kati ya wanawake, kofia mkononi. Alijaribu mara mbili. Ya tatu sauti ikatoka. Wenye mizigo walikuwa wamemchosha Toussaint siku nyingi pale ukingoni. Asubuhi ile maji yalionekana yameshuka kidogo, akasema atajaribu. Akawateremsha wote waliokuwa juu ya magunia. Ulrich akabaki kwenye kabina na sanduku lake, kama siku zote, maana hawajawahi kuvuka mto wowote bila kuwa pamoja.

"Nikamwambia tunaenda wote. Akazima injini. Akasema hatawasha mpaka nishuke." Ulrich alifuta uso kwa kofia. "Nikakataa. Akafungua mlango wa upande wangu, akanisukuma kwa mguu. Akasema: 'Shuka, mujinga, uko na bibi mupya nyumbani. Mimi wangu amenichoka zamani.'"

Sauti ikatoka kwa Bijou ambayo sikuitambua, nikajua polepole kwamba ni kicheko. Alicheka machozi yanamwagika mpaka shingoni, anapiga mkeka kwa kiganja.

"Njo yeye! Oo, mama, njo yeye kabisa! Nimemuchoka! Muongo yule!"

Wanawake wakaanza kulia na kucheka pamoja naye. Ulrich akainamisha kichwa mpaka kikagusa mkeka. Nami nikakaa pale penye ukuta, sina pa kuweka mikono, kwa sababu nilikuwa nimesikia jina langu ndani ya kabina ile, bila kuitwa Laurette.

Kicheko kikamwishia. Bijou akajifuta kwa ncha ya kikwembe. Kisha akanyoosha mkono upande wangu bila kugeuka.

"Basi sogea hapa, bibi mupya," alisema. "Usikae mbali."

Nikasogea.